Kisu cha mfukoni cha muungwana: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu nyingi, sisi huku ni wazima. Swali lako nililicheka kwanza, kisha nikajikuta nalifikiria hadi usiku. Unasema muuzaji kakuwekea visu viwili vya kukunja mbele yako. Kimoja ni cheusi, kipana, kinafyatuka kwa kidole gumba. Kingine ni chembamba, kina mpini wa pembe na kinafunguliwa kwa ukucha. Anaapa kuwa vyote ni vya kiungwana, nawe unataka kujua huo uungwana wa kisu unakaa wapi.

Mimi ningechukua cha pembe, ila si kwa ajili ya pembe.

Tazama kinavyofunguka. Kile cheusi kimetengenezwa kitoke upesi kwa mkono mmoja. Kwa mtu aliye juu ya ngazi, mkono wa pili umeshika kamba, hicho ni msaada mkubwa. Lakini umeketi na watu, unataka kukata uzi wa kifurushi tu, kinalia "tak!" na mazungumzo yanakatika kabla ya uzi. Cha ukucha kinakutaka mikono miwili na subira kidogo. Aliye jirani yako anaona mtu anafungua kisu, haoni mtu anachomoa silaha. Kwangu hilo ndilo la kwanza, na kisu kikishindwa hapo sihangaiki kuuliza mengine.

La pili ni kazi ya fundi, na hapo usiwe na haraka. Kifunge, kisha ukitazame kwa juu: bapa liwe katikati ya nafasi yake, lisiegemee upande. Kifungue, ushike ncha ya bapa kwa vidole viwili uitikise kushoto na kulia. Isicheze. Kiinue kwenye mwanga uangalie kati ya springi ya mgongoni na mabamba ya pembeni. Ukiona mwanga unapenya, fundi alikuwa na haraka. Halafu pitisha ukucha pale pembe inapokutana na chuma. Ukucha ukikwama, hata kama jicho halioni kitu, kirudishe. Mpini uliosawazishwa vizuri unapita kama kitu kimoja, na hilo haliigizwi kwa mashine ya harakaharaka.

Sikiliza pia. Kisu cha springi ya mgongoni cha mtindo wa Sheffield, ule mji wa visu wa Uingereza, hufunga kwa mlio mmoja mkavu, uliokata. Vile vya Laguiole vya Ufaransa ni kinyume: vingi havitakiwi kuachiwa vijifunge kwa kishindo, maana makali yanaweza kugonga springi kwa ndani yakapata pengo. Unalisindikiza bapa kwa vidole hadi lilale. Napenda sana adabu hiyo ya kisu kinachokufundisha kukifunga. Ila ujue Laguiole ni jina la kijiji na mtindo, si la kiwanda kimoja. Yule nyuki aliyechongwa kwenye springi anabandikwa na yeyote, kwa hiyo nyuki hathibitishi kitu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa pambo. Nilikuwa kijana wa umri wako, nikanunua kisu chenye mpini wa rangi ya dhahabu na bapa lenye mawimbi kama maji. Mawimbi ya kweli hutokana na vyuma tofauti kufuliwa pamoja, na yapo ndani ya chuma chenyewe. Yangu yalikuwa yamechorwa juu kwa tindikali. Nilipokinoa mara ya tatu yakaanza kutoweka. Bado ninacho, nafungulia makopo ya rangi.

Kuhusu chuma, usimwache muuzaji akutie kizunguzungu kwa namba. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu, kuanzia takribani asilimia 10.5, na anayetajwa mara nyingi kukigundua ni Harry Brearley wa Sheffield, mwaka 1913. Kinakusamehe ukisahau kukifuta. Chuma cha kaboni hakisamehi, lakini kinanoleka kwa urahisi, na ukimenya chungwa nacho kinaanza kupata rangi ya kijivu yenye buluu. Baada ya mwaka mmoja kinakuwa chako, hakifanani na cha mwingine. Mimi ni mtu wa kaboni. Wewe unayesahau funguo mlangoni, chukua kisichoshika kutu.

Kilicho muhimu kuliko chuma ni wembamba. Bapa nene hupasua tufaha badala ya kulikata. Bapa la urefu wa sentimita sita au saba, jembamba nyuma ya makali, linamenya, linafungua bahasha na kuchonga penseli. Zaidi ya hapo mtu anabeba kisu cha jikoni mfukoni.

Mpini uwe wa chochote kilicho hai kidogo: pembe ya ng'ombe, mfupa, mzeituni, mpingo. Pembe ya ndovu iache kabisa; biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hata bila marufuku nisingekuona nayo nikafurahi. Wala usidhani uungwana ni ughali. Joseph Opinel alianza visu vyake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890: kipande cha mti, bapa, baadaye pete ya kuzuia lisijifunge. Basi. Nimekiona mikononi mwa mkulima na mikononi mwa jaji, na hakikumwaibisha yeyote.

Ukisafiri, uliza sheria kabla. Uingereza, kwa mfano, inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na kufuli ya kuzuia bapa lisijifunge, makali yasizidi inchi 3. Chenye kufuli utaulizwa una sababu gani. Kwenye ndege kiweke ndani ya mzigo unaokabidhi. Mimi nilimwachia askari wa ukaguzi kisu nilichokaa nacho miaka kumi na moja, na sijasahau alivyokidondosha kwenye ndoo bila hata kukifungua.

Mtu akikiazima kwako, mpe kikiwa kimefungwa. Akikirudisha wazi, kipokee kwa mpini, kifute, unyamaze.

Nenda basi kafanye lile jaribio la ukucha kabla ya kulipa. Ukikichukua, usikinoe mwenyewe. Njoo nacho, kinoo changu kiko palepale juu ya kabati, na ule upande laini haujaguswa tangu ulipoondoka.

Baba yako