Kutafuta alfa-s bila maabara: anza na tau

Ndugu, umeuliza kama mwanafunzi wa fizikia aliye Maseno, bila maabara, anaweza kupata alfa-s, yaani kipimo cha ukali wa kani inayoshikilia kwaki (chembe ndogo zinazounda protoni na nyutroni), akitumia data ya kuoza kwa chembe. Anaweza sana. Mradi wangu wa shahada ulikuwa huo huo, niliufanyia hapa Kisumu kwa laptopu isiyo na betri (stima ikipotea, nayo inalala) na kikokotoo changu cha tangu KCSE.

Achana na Z kwanza, ile chembe nzito ya kani dhaifu; shika tau, ndugu mzito wa elektroni. Uzito wake, 1.777 GeV (kizio cha uzito wa chembe), unatosha kuoza kuwa hadroni, yaani chembe zilizoundwa kwa kwaki, jambo ambalo elektroni na muoni, ndugu yao wa kati, haziwezi. Unahitaji namba mbili tu: tau huoza kwa njia ya elektroni asilimia 17.82, ya muoni asilimia 17.39. Zinazobaki, 64.79, ni hadroni. Gawanya 64.79 kwa 17.82: 3.636.

Gluoni, chembe zinazobeba kani hiyo ya kwaki, zisingeingilia, ungepata takriban 3, kwa kuwa kwaki zina “rangi” tatu, yaani aina tatu za chaji ya kani hiyo. Mchango wa kani dhaifu na sumakuumeme ni kama asilimia 2, kwa hiyo gawanya 3.636 kwa 3.06. Unapata 1.188, na hiyo 0.188 ndiyo kazi ya gluoni.

Sasa chukua a, ambayo ni alfa-s gawanya kwa pai, uitie hapa: a + 5.2a² + 26.4a³ + 127a⁴. Jaribu alfa-s ya 0.31. Vipande vinatoka 0.099, 0.051, 0.025, 0.012. Jumla 0.187. Umefika!

Ila vitazame tena. Kila kipande ni karibu nusu ya kilichotangulia, mfululizo unakata roho polepole mno. Kuna njia mbili zinazotumika kuujumlisha na majibu yake hayalingani. Siku ya kutetea tasnifu nilibanwa hapo hapo, wala si kwenye vipimo vya mitambo ya ALEPH na OPAL kule CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, ambavyo ni safi. Kosa kubwa liko kwenye nadharia, liandike wazi.

Mwisho peleka alfa-s yako kutoka uzito wa tau hadi uzito wa Z, 91.19 GeV, kwa mlinganyo unaoonyesha inavyopungua nishati ikipanda, uliotokana na kazi ya Gross, Wilczek na Politzer ya 1973. Utaangukia karibu na 0.118, na kosa la 0.01 litashuka hadi kama 0.0015. Njiani hesabu aina za kwaki: unaanza na 3, unamaliza na 5.