Maswali na Majibu: Grafu za Pande Tatu, Tena

Barua nyingi za safari hii nimeziweka kando kwa sababu swali ni lile lile: "Programu ipi ni bora?" Bora kwa data ipi? Anayeniandikia aseme kwanza kama data yake imepangwa kwenye gridi, yaani kwa mistari na safu, au ni nukta zilizotawanyika, ziko kiasi gani, na kama mchoro unakwenda kwenye karatasi au kwenye skrini. Bila hayo sina la kumjibu.

Nina safu tatu: x, y na z. Mbona Excel inanichorea uso usioeleweka?

Kwa sababu chati yake ya uso huchukulia x na y kama majina ya mafungu, si namba. Vipimo vya 1, 2 na 50 vitapangwa kwa nafasi sawa. Hamia kwingine.

Gnuplot bado inafaa, au ni ya wazee?

Programu hii ya kuchora grafu kwa amri za maandishi ipo tangu 1986 na inafaa sana. Amri moja tu, splot, na uso umechorwa. Kinachowaangusha watu ni faili la data: kila mstari wa gridi unapokwisha, acha mstari mtupu kabla ya kuanza unaofuata. Usipouacha, programu inaona mlolongo mmoja mrefu, na ukiiambia ipake uso rangi kwa pm3d inagoma, huku ikikudokeza yenyewe kwamba huenda umesahau mistari mitupu. Ujumbe huo hamuusomi, mnaniandikia mimi.

Kama nukta zako zimetawanyika, set dgrid3d itakutengenezea gridi. Ila ujue kuwa hayo ni makadirio. Kilima kilichoota mahali usipopima chochote kimetungwa na programu. Chora na nukta zako halisi juu yake, msomaji aone ulipopima.

Kwenye Matplotlib nyuso zangu mbili zinakatana, lakini moja inatokea yote mbele. Ni hitilafu?

Ndivyo ilivyoundwa. Matplotlib, maktaba ya kuchorea ya lugha ya Python, ni ya michoro bapa, na mplot3d, sehemu yake ya pande tatu, ilipachikwa juu yake. Inakadiria kipi kiko mbali, inakipaka kwanza, kisha inapaka kilicho karibu juu yake. Nyuso zilizopenyana hazipangiki hivyo, maana kila moja iko mbele upande huu na nyuma upande ule. Usikeshe ukibadilisha zorder, namba ya kupanga kipi kipakwe kwanza. Kwa uso mmoja, baki hapo hapo. Zikikatana, nenda PyVista au Mayavi, ambazo zimejengwa juu ya VTK, maktaba ya michoro ya pande tatu, na hupima kina cha kila pikseli. Plotly nayo inaweza, na hukupa faili la HTML ambalo mwenzako atalizungusha mwenyewe kwenye kivinjari.

Nina nukta milioni kadhaa, kivinjari kinaganda.

ParaView, programu iliyotengenezwa kwa data kubwa.

Nitapata wapi MATLAB iliyovunjwa leseni?

Si kwangu. GNU Octave, inayofanana na MATLAB, ni ya bure na inazijua amri zake za kuchora: surf, mesh na contour.

Naupenda mpangilio wa rangi za upinde wa mvua. Kuna ubaya?

Upo, na nimeusema hadi nimechoka. MATLAB iliacha kuutumia kama chaguo-msingi mwaka 2014, Matplotlib mwaka 2017. Mwangaza wake haupandi kwa mfululizo: mikanda ya njano na samawati inang'aa, na jicho linaona kingo ambazo hazimo kwenye data. Ukichapisha bila rangi, ncha ya bluu na ncha ya nyekundu zote zinakuwa giza, kilele na shimo havitofautiani. Tumia viridis, mpangilio ambao mwangaza wake hupanda kwa mfululizo. Na ukishapaka rangi zenye maana, punguza taa na vivuli kwenye uso, kwani kivuli hubadilisha rangi ambayo msomaji anatakiwa kuisoma.

Bosi anataka chati ya nguzo za pande tatu kwenye ripoti.

Nguzo ya mbele itaficha ya nyuma, na hakuna atakayesoma urefu wake sawasawa. Mpe ya kawaida.

Nizungushe grafu kwa pembe ipi ili bonde lililo nyuma ya kilima lionekane kwenye ripoti iliyochapishwa?

Kwenye Matplotlib ni view_init, ubadilishe elev (pembe ya kimo) na azim (pembe ya mzunguko). Lakini bonde likijitokeza, kitu kingine kitajificha, na karatasi haizungushwi. Chora contourf, yaani ramani bapa iliyopakwa rangi kwa viwango, ongeza mistari ya kontua inayounganisha sehemu za kimo sawa, uandike namba juu yake kwa clabel. Nusu ya walioniandikia safari hii walihitaji hiyo tu.