Mbwa au paka kwa anayepanga chumba na sebule? Yaliyonikuta Mtwara

Mkuu, umesema umehamia Mtwara kikazi, umepanga chumba na sebule Chuno kwenye nyumba ya wapangaji watano, unatoka saa 12 asubuhi kurudi saa 1 usiku, na upweke unakutafuna. Unauliza uchukue mbwa, paka au sungura. Kabla ya yote nijibu hili: ukisafiri, nani atamlisha? Mimi sikujiuliza, na aliyeumia ni mbwa.

Nilimchukua Popi mwezi wa saba, kitoto cha kuenea kwenye kikapu cha samaki. Kazi yangu ni ya msimu. Minada ya korosho ikianza, mwezi wa kumi hivi, nahamia ghalani Tandahimba hadi karibu na Krismasi. Nikamwachia kijana wa jirani hela ya dagaa, nikaondoka na moyo mweupe. Niliporudi nilimkuta amefungwa mwembeni kwa kamba ileile ya nailoni niliyomvalisha akiwa mdogo. Shingo imekua, kamba imebaki palepale. Manyoya yamenyonyoka mzunguko mzima, chini yake kidonda kibichi na nzi wamejaa. Yule kijana si katili, chakula alikuwa anapeleka kila siku. Ni mimi sikumwambia kwamba kamba inatakiwa kulegezwa. Tuliikata kwa mkasi wa kushonea wa mama mwenye nyumba, Popi amesimama kimya, miguu ya nyuma inatetemeka.

Sasa yuko kwa mjomba Mikindani, kwenye uwanja mpana na watu wanaoshinda nyumbani. Nikienda kusalimia ananibwekea kama mgeni.

Halafu kuna wapangaji wenzako. Huku pwani wengi wetu ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Mzee wa chumba cha mbele anatoka alfajiri kwenda msikitini, mbwa wako anamlamba kanzu kwa furaha: inabidi arudi ndani akajitwaharishe upya. Hatakugombeza. Atakuitikia salamu kwa mkato, na maneno utayasikia kwa mwenye nyumba siku ya kodi. Kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Na ukiruhusiwa, chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, bwana mifugo atakuelekeza. Ugonjwa ule dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Aking'atwa mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Sungura? Joto la Novemba chini ya bati litammaliza. Na ukiuziwa komba aliyekamatwa minazini, kataa. Ni mnyamapori, anahitaji kibali, tena huyo usiku ndiyo mchana wake, hutalala.

Kwa ratiba yako mimi ningechukua paka, na si kitoto. Kitoto kinataka kulishwa mara tatu nne kwa siku na kitalia mlangoni mpaka majirani wakuchukie. Paka mzima analala sehemu kubwa ya mchana, na wewe ukirudi ndiyo anaamka. Ila usimlishe kama tulivyozoea, ugali na mchuzi basi. Paka ni mla nyama hasa. Akikosa nyama au samaki muda mrefu hukosa kirutubisho kiitwacho taurini, moyo huharibika na macho hupofuka. Ukienda feri jioni utapata vichwa vya samaki kwa bei nafuu, chemsha, toa miiba. Akiwa dume mhasi mapema, la sivyo atakojolea kuta, na ile harufu haitoki hata kwa dawa ya choo, nimejaribu. Jike naye usipomfunga kizazi, miezi miwili tu baada ya kupandwa una paka watano.

Wangu nilimpata kwa mama muuza mihogo aliyekuwa anahamia Masasi. Wiki ijayo naenda tena Tandahimba. Safari hii ufunguo nimemwachia mpangaji wa chumba cha nyuma, tumekaa naye siku nne akimlisha mbele yangu, na dagaa wako kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza. Ule wa kubandika tu paka aliufungua mwenyewe mwaka jana, akala dagaa wa wiki mbili kwa siku tatu.