MySQL haiwaki baada ya umeme kukatika: usifute ibdata1

Habari mkuu. Unasema umeme ulikatika hapo Uyole, na tangu juzi MySQL (programu ya kuhifadhi data) ya kwenye XAMPP, kifurushi cha seva ya kwenye kompyuta yako, inawaka sekunde mbili tatu kisha inazima. Na kuna mtu kakushauri ufute faili la ibdata1. Nakuomba usiiguse! Bila hiyo, majedwali yako ya InnoDB, ile sehemu ya MySQL inayotunza majedwali, hayafunguki tena.

Kwanza kopi folda yote ya data ya MySQL, iweke kwenye flashi. Kisha fungua mysql_error.log, yaani logi ya makosa iliyo humo, usome mistari ya mwisho. Ikitaja bandari (port) 3306, mlango ambao MySQL hutumia, kuna programu nyingine imeikalia, pumua. Ikilalamikia InnoDB, ingia my.ini, faili la mipangilio ya MySQL, chini ya [mysqld] andika innodb_force_recovery = 1, uwashe. Ikigoma, weka 2, halafu 3. Kuanzia 4 unaweza kuharibu data kabisa, mimi sijawahi kufika huko.

Kwenye stoo moja ya mbao Mafinga yalinikuta hayo hayo, mwenye duka amesimama na daftari la madeni mkononi. Ilikubali kwenye 1. Nikatoa kila kitu kwa mysqldump, zana ya MySQL ya kutoa nakala ya data, nikaiingiza kwenye MySQL mpya. Usiendelee kuuza ukiwa umeacha mstari wa innodb_force_recovery kwenye my.ini.

Ikigoma bado, bandika hapa mistari kumi ya mwisho ya logi.