Iulize Draiva Kabla ya Kuiamuru

Niliwahi kuandika programu ya kupiga picha za pasipoti kwa ajili ya duka moja karibu na River Road, na kwa kuwa kamera yangu ya nyumbani ilitoa picha safi, nilizichukua thamani za mipangilio yake na kuzikaza ndani ya msimbo. Siku ya kwanza ya kazi mwenye duka akanipigia simu: "Kijana wangu, hebu njoo uone. Wateja wametoka weupe kama waliopakwa chokaa, na tena wana michirizi."

Programu haiigusi kamera. Katika mfumo wa Linux huzungumza na draiva, yaani programu inayoiendesha kamera, kupitia faili kama /dev/video0, kwa miito ya ioctl (maombi ambayo programu hutuma kwa kifaa), na utaratibu wa mazungumzo hayo ni V4L2. Kila kinachorekebishika huitwa kidhibiti, nacho kina kiwango cha chini, cha juu, hatua na thamani ya awali. VIDIOC_QUERYCTRL huuliza mipaka hiyo, VIDIOC_S_CTRL huamuru, na VIDIOC_G_CTRL husoma kilichowekwa. Mimi nilikuwa nimerukia kuamuru.

Kamera ya nyumbani ilipima mwangaza kuanzia 0 hadi 255, nami nikaandika 128, yaani katikati. Ya dukani ilianzia -64 ikaishia 64. Draiva haikulalamika, iliirudisha 128 yangu hadi 64, kikomo cha juu kabisa, na programu ikaendelea ikidhani imetiiwa. Kwa hiyo, ukishaweka thamani, isome tena, kwa maana kukosekana kwa kosa si ithibati kwamba ulichoomba ndicho ulichopewa.

Michirizi ilikuwa na asili nyingine. Umeme wetu ni wa Hz 50, hivyo taa za tyubu za zamani humemeteka mara 100 kwa sekunde, ilhali kamera ilikuwa imepangiwa Hz 60. Nilipoendesha amri ya kuorodhesha vidhibiti, v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-ctrls-menus, kidhibiti cha power_line_frequency (masafa ya umeme) kilisoma 2, yaani Hz 60. Nikakiweka 1, yaani Hz 50, kutoka dirisha jingine, na mistari iliyokuwa ikipanda polepole usoni mwa mteja ikatoweka hapo hapo, bila kuizima programu, kwa sababu V4L2 huruhusu faili ile ile kufunguliwa zaidi ya mara moja.

Ukitaka kupanga mwenyewe muda wa kupokea mwanga, tazama kwanza kama kidhibiti chake, exposure_time_absolute, kina alama ya inactive (hakitumiki kwa sasa). Ikiwa kinayo, kamera bado inajiamulia, na sharti uweke auto_exposure kuwa 1, yaani kupanga kwa mkono, kabla ya lolote. Kipimo chake ni mikrosekunde 100, kwa hivyo 100 ni milisekunde 10, muda unaolingana na mmeto mmoja wa tyubu zetu.

Na usishtuke ukiona /dev/video1 ilhali umechomeka kamera moja tu: kwa kamera nyingi za USB, faili hiyo hubeba taarifa kuhusu picha, wala si picha zenyewe. Hilo nalo VIDIOC_QUERYCAP, mwito wa kuuliza uwezo wa kifaa, itakuambia.