Dada wa Kayole, chagua huduma moja

Dada yangu, umeniandikia kwamba kwa huduma za kanisa unapika kila matanga, kila Jumamosi uko hospitali ya Mama Lucy kuona wagonjwa, na michango ya M-Pesa imekula hadi karo ya mtoto. Ukikataa unajiona mbinafsi. Nakuelewa. Nilihudumu hivyo miaka mitatu huku Umoja, mpaka nikaanza kuwachukia wale wale niliowapikia.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane waliposahauliwa kwenye mgao wa chakula, mitume hawakujibebesha kazi yote, waliagiza wachaguliwe watu saba. Basi mwone mzee wa kanisa wiki hii, mwambie utabaki na huduma moja, nyingine zigawiwe wengine. Mimi nilibaki na wagonjwa. Michango nayo, kubalianeni na mumeo kiasi cha mwezi, kikiisha kimeisha. Karo haiguswi. (Watu watanuna, nisikudanganye.)

Jirani akibisha ana njaa, bado mpe sahani. Hilo halingoji zamu.

Ila umetaja kwamba hulali na unalia bila sababu. Usiliombee tu hilo, mwone daktari au mshauri nasaha. Na kiongozi akikutishia laana ili utoe pesa, usitume hata shilingi.