Chui-milia mweupe na kibao cha "spishi adimu"

Mkuu, umeuliza kama kweli chui-milia mweupe ni spishi adimu inayookolewa, maana ndivyo kibao cha bustani ya wanyama kilivyosema. Si kweli. Nimewahi kuwa mtunza wanyama kwenye bustani ya mtu binafsi, na kibao kama hicho nilikipita kila asubuhi.

Huyo ni chui-milia wa kawaida, ila amerithi kwa baba na kwa mama jeni fiche ya weupe, yaani isiyojitokeza ikitoka kwa mzazi mmoja tu. Ukoo wa wengi walioko vizimbani unarudi kwa dume mmoja, Mohan, aliyekamatwa Rewa, India, mwaka 1951. Ili weupe upatikane tena, alipandishwa na binti yake mwenyewe. Makengeza unayoyaona kwa wengi wao yanatokana na jeni hiyohiyo, inayovuruga njia za neva kutoka machoni kwenda ubongoni. Ndiyo maana mwaka 2011 AZA, chama cha bustani za wanyama cha Marekani, kiliwataka wanachama wake waache kuwazalisha kwa kusudi la kupata weupe.

Watu hucheka hila zile za wazi. Mwaka 2013 huko Luohe, China, kizimba cha simba kilikutwa na mbwa mwenye manyoya mengi, akabweka. Mwaka 2018 Cairo, punda alichorwa milia, rangi ikamchuruzika usoni. Hizo hazinisumbui sana, kwa sababu hata mtoto anazigundua. Kibao hakibweki.

Kwetu pale watoto wa wanyama walinyang'anywa mama yao mapema ili wageni wapige nao picha, na wakishakua kidogo wanauzwa. Mpango wa uhifadhi ulikuwa kwenye kibao tu, kwenye daftari la wanyama haumo. Dubu naye alikuwa akienda na kurudi kwenye mstari uleule mpaka ardhi ikachimbika. Tuliagizwa tukiulizwa tujibu kwamba anangoja chakula. Hata akiwa ametoka kula! Kwenda na kurudi kwa namna ile ni dalili ya mnyama aliyekosa cha kufanya na pa kujificha.

Kwa hiyo ukienda tena, tafuta kwanza kama mnyama ana mahali pa kujificha macho ya watu. Kisha mwendee mtunza, siyo wa getini, umuulize watoto wa mwaka jana wako wapi. Penye utaratibu atakutajia walikopelekwa na kwa nini. Sisi tulikuwa tunasema "wamehamishwa", halafu tunaondoka na ndoo.